Miguu ya Ukoo

Baba yangu ana matege ambayo paka anaweza kupita katikati bila kukunja mkia. Simkejeli. Ni yeye mwenyewe anayesema hivyo, tena mbele ya wateja, akiwa ameshika ubao wake mrefu wa kutolea mikate tanurini. Mtaa mzima unamwita Mabano. Wenye heshima wanatanguliza "Mzee", wasio nayo wanaliacha hivyo hivyo, naye anawaitikia wote. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniambia kwamba baba yake alikuwa na miguu hiyo, na shangazi yake pia, na kwamba ukoo wetu uliumbwa hivyo ili mtu asimame imara mbele ya moto. Miguu iliyonyooka, kwa maelezo yake, ni ya watu wa ofisini.

Yangu imenyooka. Kwa hiyo unaweza kuona mwenyewe nilivyokaa nyumbani kwetu, mtoto wa kuzaa lakini kama mpangaji.

Basi binti yangu alipoanza kujishikilia kwenye magunia ya unga na kusimama, na miguu yake ikaonekana imepinda kwa nje kama ya babu yake, Baba alifurahi hadi akanitia aibu. Alimbeba, akazunguka naye dukani, akimwonyesha kila aliyeingia kununua mkate. "Tazameni wenyewe. Mama yake aliniruka, huyu kanirudia. Damu nzito kuliko maji." Mtoto mwenyewe tunamwita Hamira, kwa sababu alizaliwa kadogo, kama hamira ya kijiko kimoja, na Baba akasema msijali, ataumuka. Jina la kwenye cheti lipo, lakini hata nikiliita mimi haitiki.

Sasa lazima nieleze tulivyokuwa tunaishi, maana yote yalianzia hapo. Bekari yetu ni chumba kimoja kikubwa chenye tanuri, duka dogo mbele lenye dirisha la kioo, na nyuma vyumba viwili tunavyolala. Mwokaji wa mikate analala watu wanapoamka. Usiku mimi nilikuwa nakanda, Baba anachoma, mume wangu anapanga mikate kwenye makreti, na kukipambazuka anaipakia kwenye kigari chake na kuipeleka madukani. Nikishakwangua meza ya kukandia, nakwenda kulala. Dirisha la chumbani lilikuwa limezibwa kwa magunia matupu ya unga tangu kabla sijazaliwa. Ukiingia mchana huoni hata kiganja chako, na ndivyo tulivyotaka, kwa sababu usingizi wa mchana bila giza si usingizi.

Na Hamira alikuwa mtoto wa waokaji. Usiku yuko macho pamoja nasi, amekaa ndani ya kreti karibu na joto, paka wetu kando yake, anachezea kipande cha unga uliokandwa. Asubuhi namchukua, namnyonyesha, namfunika, tunalala hadi jioni. Watu walinisifu. Mtoto wako hana usumbufu, mchana hata hasikiki. Nikavimba kichwa. Maziwa ya kikombe aliyakataa, akiyaona tu anafumba mdomo na kugeuza shingo, hivyo tulimpa mkate uliochovywa kwenye chai ya rangi yenye sukari. Mkate ndicho kitu pekee ambacho hakijawahi kukosekana kwetu.

Meno yake yalichelewa. Baba akasema mkate wetu ni laini, meno yana haraka ya nini. Kichwa kikawa kinatoka jasho hata akiwa amelala, mto unalowa. Baba akasema ni tanuri. Watoto wa rika lake walikuwa wanakimbia na kuvunja vyombo vya mama zao, yeye bado anatambaa na kujishikilia. Baba akasema ukiona mtu anajenga polepole, ujue anajenga ghorofa. Kwa kila jambo alikuwa na jibu, na mimi nilikuwa na usingizi, nikawa nayapokea majibu yake yote.

Siku moja nilikuwa namvalisha blauzi ya mikono mirefu, mkono ukagoma kupita. Mkono wenyewe mwembamba, lakini kifundo kimevimba kama fundo la kamba. Nikatazama wa pili, hali ile ile. Nikampapasa mbavu, nikakuta vinundu vinafuatana kifuani kama shanga. Nikamwinua kwa makwapa nimtazame vizuri, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Hamira hakuwa mtoto wa kulia ovyo. Nikakaa kitandani nimempakata, usingizi wote umeniruka.

"Unampeleka hospitali kwa sababu kafanana na babu yake?" Baba akaniuliza.

"Nampeleka kwa sababu anaumia."

"Mifupa ya mwokaji ni minene, ndivyo ilivyo."

"Unene hauumi, Baba."

Akanung'unika, akasema wanawake wa siku hizi wakiona chafya wanaita daktari. Kisha akavua aproni, akavaa kofia yake, akatufuata. Ana kichwa kigumu yule mzee, lakini Hamira akienda mahali, na yeye yupo.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya chini. Baba alikataa kuingia, akabaki kwenye ujia anazunguka, mikono nyuma. Daktari akamminya Hamira vifundo, akampapasa mbavu, akamsimamisha na kumtazama magoti, kisha akatutuma eksirei. Picha ilipokuja akaiweka kwenye mwanga akaniita nione. Ncha za mifupa zilipaswa kuwa na ukingo uliokatika vizuri. Za mwanangu zilikuwa zimefumuka kama mwisho wa kamba iliyochakaa.

"Mtoto analala saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi."

"Na usiku?"

"Usiku yuko kazini."

Nilijibu hivyo kweli, jamani. Yeye hakucheka. Akaendelea kuuliza, chumba kikoje, anakula nini, anatoka nje lini. Kila nilivyojibu nilijisikia nikipungua kwenye kiti. Mwishowe akanieleza taratibu, kama mtu anayemchomoa mwenzake mwiba. Mtoto ana ugonjwa wa matege. Mwili unahitaji vitamini D, na sehemu kubwa ya hiyo ngozi inaitengeneza yenyewe ikipigwa na jua. Ikikosekana, mfupa unakua lakini haukomai, unabaki laini, na mtoto akisimama uzito wake mwenyewe unaukunja.

"Lakini kwetu ni ya ukoo," nikasema. "Baba yangu anayo. Yule pale."

Mlango ulikuwa wazi. Daktari akamtazama Baba akienda na kurudi kwenye ujia.

"Yeye alikulia wapi?"

"Hapo hapo bekari. Na baba yake pia."

"Na wewe?"

Marehemu mama yangu hakupatana na lile giza. Alikuwa anauza mikate nje, kwenye meza mbele ya duka, na mimi nilikaa kwenye mkeka miguuni pake tangu asubuhi hadi mikate iishe. Baba alikuwa akimtania kwamba ananianika kama nguo.

"Mimi nililelewa nje," nikasema.

"Yapo matege ya kurithi, na tutapima damu tuhakikishe," akasema daktari. "Lakini kwa ninavyosikia, mama, hii si damu. Ni chumba."

Nilitamani sakafu ipasuke nizame. Huyu ni mwanangu wa pekee, nilimpata baada ya kukata tamaa, nilikuwa namfunika vizuri kila asubuhi kwa mikono yangu hii, kumbe namfunika ndani ya ugonjwa. Daktari akanipa muda nikafuta macho. Kisha akasema habari njema ni kwamba mifupa bado laini, na samaki hukunjwa angali mbichi. Akipata dawa yake ya matone kila siku, na maziwa, na mayai, na jua, miguu inaweza kunyooka yenyewe anavyokua. Ila tukichelewa, mifupa ikikomaa ikiwa imepinda, itabidi ikatwe na kupangwa upya, na mtoto akae kwenye plasta muda mrefu.

Neno hilo la kukatwa sikulisahau. Nikikanda nalisikia, nikikata madonge ya unga kwa kisu nalisikia. Majibu ya damu yalipotoka yakasema alivyosema daktari. Baba nilimwambia habari za dawa na jua. La chumba sikumwambia. Nilijua anavyoipenda ile miguu, nikaona nimwachie.

Tukapanga kazi. Mimi asubuhi ninakuwa hoi, mume wangu yuko njiani na mikate, lakini Baba usingizi wake ni wa kuku, akilala kidogo kashaamka. Akajipiga kifua. "Jua niachie mimi. Dawa niachie mimi. Nyinyi laleni." Nikamwachia, nikalala kwa amani. Mara nyingine nilipitia dukani kabla ya kulala, nikamkuta Hamira amekaa dirishani, katikati ya mikate, kioo kimemwaga jua kifuani mwake, anapungia watu mkono. Baba yuko kando anauza na kupiga porojo. Wateja wakawa wanaingia kwa ajili yake tu. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa baba wa namna hii.

Tarehe ya kurudi hospitali ilipofika, Baba aliingia nasi mpaka ndani kwa daktari. Alijua amefanya kazi yake, alitaka asifiwe. Akakaa na kofia magotini. Daktari akaitazama picha mpya, akaitazama ya zamani, akazibadilisha kama anayedhani amezichanganya.

"Dawa anakunywa?"

"Kila siku, haikosi hata moja," akasema Baba. "Mwanzoni alikuwa anaitema. Lakini mtu hajawa mwokaji bure. Natengeneza kimkate kidogo, cha kwake peke yake, naitia dawa ndani ya unga, nakichoma. Hajui lolote. Anakichukua, anakwenda kukaa pembeni, akirudi mkono mtupu."

Hamira alikuwa juu ya mapaja yangu. Wakati huo alikuwa ameshaanza kusema, tena akisema anasema.

"Paka anapenda mkate mchungu," akamwambia daktari. "Paka anakula wote."

Daktari akaficha mdomo kwa mkono, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka, simlaumu. Kisha akauliza jua analipatia wapi, Baba akajibu kwa sauti iliyopungua kwamba ni pale dirishani, jua kali kabisa, hadi mtoto anatoka jasho. Daktari akaweka picha chini. Akasema jua la nyuma ya kioo linapasha joto tu. Kile ambacho ngozi inakitaka, kioo kinakizuia nje.

"Hakuna alichopata?" Baba akauliza.

"Kidogo sana, mzee. Lakini bado tuna nafasi. Si kubwa kama mwanzo."

Njia nzima sikufungua mdomo. Mimi nina mdomo, sikatai, na nikinyamaza watu wa kwangu wanajua mvua inakuja. Tulipoingia bekari nikamkabidhi mume wangu mtoto, nikamgeukia Baba, na hapo maji yakazidi unga.

Nikamwambia amemchezea mwanangu. Nikamwambia amemlisha paka miguu ya mtoto. Nikamwambia mlango upo, nje ipo, jua limejaa barabara nzima, yeye anamweka mtoto kwenye kioo kama keki ya harusi ili watu wamsifu. Na kama hayo hayatoshi, nikatoa na lile nililoliweka. "Wewe ulitaka afanane na wewe. Basi jua kwamba hakuna miguu ya ukoo. Daktari alisema tangu siku ya kwanza. Ni chumba kile chenye magunia. Hukuumbwa hivyo wewe. Uliharibika."

Mume wangu, ambaye ni mtu wa amani, akatoka na mtoto kama anayekwenda kuangalia kigari chake.

Baba alikaa juu ya gunia. Nilitegemea anijibu, tumezoea kujibizana, ndiyo maisha yetu. Badala yake akawa anapangusa unga kwenye goti, anapangusa pale pale, wakati suruali ilikuwa safi, alivaa ile ya kutokea.

"Unadhani kuitwa Mabano ni raha?" akasema baadaye. "Nilijiita mwenyewe ili wasinitangulie. Nilipokuwa kijana nilikuwa nikipita, watoto wanatembea nyuma yangu wanaigiza. Nikaona heri usiku. Usiku hakuna anayekutazama unavyotembea, wote wana shida na mkate tu. Alipoanza kusimama huyu, nikaona miguu yake, nikasema huyu hakuna atakayemcheka. Nitampigia debe mpaka ajue ana kitu cha fahari. Pale dirishani wanamwona uso, wanapenda. Miguu iko nyuma ya mikate. Ningetoka naye nje, mimi na yeye, barabarani, mchana, wangetucheka wote wawili. Mimi nimezoea. Yeye sikutaka."

Miaka yote ile nimeishi na mtu huyu, nimekula naye sahani moja, na sikujua kwamba ana haya. Nilitaka kumwomba radhi, nikaenda nikamwekea chai mezani, akainywa. Kwetu hiyo ndiyo radhi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakwangua meza, nikamwona ananawa. Si kunawa mikono tu, uso, shingo, na nyuma ya masikio. Akavaa kofia. Akamshika Hamira kichwa kwa upole, akamwambia afungue mdomo, akadondosha matone moja kwa moja ulimini, na Hamira akakunja uso kama mzee aliyeuziwa ndizi mbovu. Babu yake akajipakulia kijiko cha maji akanywa na kukunja uso vile vile, ili wawe sawa. Kisha akabeba kreti tupu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, akafungua mlango, akatoka.

Usingizi haukuja. Nikawafuata kwa mbali, nikiwa na aproni yangu. Wakavuka barabara mpaka kwenye kiwanja cha wazi mbele ya karakana ya magari. Macho ya Baba yalikuwa yanatoka machozi kwa mwanga, alitembea ameyafinya kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akageuza kreti, akakaa, akamvua Hamira soksi na kukunja suruali yake juu ya magoti. Halafu akamsimamisha mbele yake, wazi, mtaa mzima uone.

Fundi wa magari akatoka chini ya gari, akawatazama. "Leo Mzee Mabano katoka na mabano madogo," akasema.

Baba akamtazama kutoka juu hadi chini, bila haraka.

"Haya ya mtoto ni ya kukodi, yanarudishwa," akasema. "Wewe hiyo sura yako utairudisha wapi?"

Karakana nzima ikaangua kicheko, na fundi mwenyewe akacheka kuliko wote. Kesho yake aliwawekea kiti cha gari kuukuu, chenye sponji, wakae vizuri. Kesho kutwa yake akawa anambeba Hamira kumwonyesha injini. Baba akarudi nyumbani kila siku na habari za mtaa ambazo hakuwahi kuzijua, nani kajenga, nani kahama, kana kwamba amerejea kutoka safari ya mbali. Alishangaa kwamba yule muuza magazeti, anayechukua mkate wake gizani alfajiri tangu zamani, ana mvi.

Lakini hilo halikutosha, na Baba ndiye aliyeliona kabla yangu. Mtoto hawezi kucheza juani kutwa ikiwa usiku hajalala. Akatuita, mimi na mkwewe, akasema kuanzia sasa yeye atalala usiku pamoja na Hamira na kuamka naye asubuhi kama watu wengine. Tanuri alichukue mkwewe. Aliyasema haya akiwa ameshika ule ubao wake mrefu, mpini umeingia umbo la mikono yake. Akaukabidhi kama mtu anayemwozesha binti, na mume wangu akaupokea kwa mikono miwili.

Wiki za mwanzo mikate ilitoka na visogo vyeusi. Wateja wakauliza kama tumebadilisha biashara, tunauza makaa. Nilijua Baba alikuwa anaisikia harufu kutoka kitandani, mtu aliyechoma mikate maisha yake yote hawezi kuikosa. Hata siku moja hakuinuka. Asubuhi anakuja dukani na Hamira, anachagua mkate ulioungua kuliko yote, anaukwangua kwa kisu, anakula na chai yake, anasema mkwe anajitahidi. Mimi nilishusha magunia dirishani siku ile ile aliyokabidhi ubao. Vumbi lililotoka humo, ungedhani ni la enzi za babu yake Baba. Sasa nalala na kitambaa usoni, na silali vizuri, basi.

Maziwa nayo yalikuwa vita. Baba alimwambia Hamira kwamba ng'ombe amesema maziwa haya ni ya watu wakubwa, watoto wasiguse. Kikombe cha kwanza aliiba mwenyewe.

Tuliporudi kwa daktari mimi nilishindwa kukaa. Akaweka picha kwenye mwanga. Pale kamba ilipokuwa imefumuka palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umenyooka, kana kwamba mtu amepita na rula. Sikuhitaji kuelezwa. Daktari akasema mfupa umeshika. Miguu itachukua muda kunyooka, mwaka, pengine zaidi, lakini habari ya kukata tuiache. Baba akauliza tena, kisu hakuna? Daktari akasema hakuna, mzee. Baba akatoka kwenye ujia akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kofia, na Hamira akaenda kumchungulia kwa chini kuona amejificha nani.

Ikanyooka kweli. Si kwa siku moja. Ni kama unga unavyoumuka, ukiutazama hausogei, ukigeuka umeshajaa chombo. Alianza kutembea bila kujishika, akaanza kukimbia, akaanza kuvunja vyombo vyangu, nikawa napiga kelele kwa furaha.

Juzi hapa nilikuwa nawapelekea mikate mafundi wa karakana. Baba na Hamira walikuwa kwenye kile kiti chao, miguu wameinyoosha mbele juani, wote wawili wamekunja suruali. Hamira alikuwa anaitazama yake, anaitazama ya babu yake. Akashuka, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye goti la Baba kama daktari alivyokuwa akimfanyia yeye.

"Babu, yako itanyooka lini?"

"Yangu hainyooki tena, mama. Imeshakomaa."

"Hukupewa dawa?"

"Sikupewa."

"Hukutolewa nje?"

"Sikutolewa."

Hamira akakasirika. Akikasirika anafanana na mimi, kila mtu anasema. "Mama yako alikuwa mbaya?"

Nilisimama pale na trei mkononi, sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Baba alikuwa ameshaniona. Lakini aliendelea kumtazama mtoto.

"Hapana," akasema. "Alikuwa amechoka. Usiku kucha anakanda. Asubuhi ananichukua, ananilaza kifuani pake, ananifunika shuka mpaka huku, tunalala. Nimelala mahali pengi tangu hapo, mama. Sijapata kulala vizuri kama pale."

Hamira akalifikiria hilo, akaliona linatosha, akakimbilia kwa fundi. Mimi nikaweka trei chini, nikakaa kwenye kiti kando ya baba yangu, nikalia mchana kweupe, mbele ya karakana nzima, naye akanishika mkono wenye unga.